Kufundisha Uhamishaji wa Mafaili kwa Kebo kati ya Kompyuta Kuukuu na Kompyuta Mpya

Katika vyuo vyetu vya ualimu, somo la kompyuta huanzia mara nyingi na yale yanayopendeza macho: kuchapa barua, kupamba maandishi, kutengeneza majedwali. Jambo la kuhamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine huachwa lijifundishe lenyewe, kwa kudhani kwamba kila kijana mwenye flashi mfukoni amekwisha kulijua. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba dhana hiyo ina hatari, na kueleza jinsi ninavyolifundisha jambo hilo kwa kebo hapa Majengo, mjini Mpanda, ili mwanachuo afahamu kinachotokea katikati ya kompyuta mbili.

Yanipasa kuanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kuhamisha alama za wanachuo kutoka kompyuta kuukuu ya ofisi ya taaluma kwenda kompyuta mpya. Ile kuukuu ilitumia Windows 7, na feni yake ilikuwa ikilia kama mashine ya kusaga. Niliazima flashi kwa mwenzangu, nikachagua folda ya alama, na kwa haraka nikaikata badala ya kuinakili. Nilipoifungua flashi kwenye kompyuta mpya, nilikuta vijialama vya njia za mkato tu. Flashi ilikuwa na virusi. Hata hapo mafaili yalikuwa bado yamo, yamefichwa tu. Lakini fundi mmoja alinishauri niisafishe flashi yote ianze upya, nami nikakubali.

Alama nyingi tulizipata tena kutoka katika karatasi. Lakini fomu za mazoezi ya kufundisha za wanachuo sita zilikuwa zimeliwa na mchwa kabatini. Ilibidi wanachuo hao wakaguliwe upya. Mmoja wao alikuwa amekwisha kurudi kwao Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, akapanda gari kuja kufundisha vipindi viwili ambavyo alikuwa amevifundisha vizuri miezi mitatu kabla. Hakunilaumu. Alisema, "Shikamoo Mwalimu, nimekuja," basi. Tangu siku hiyo sijaliona somo hili kuwa dogo.

Wenzangu kadhaa wameniuliza kwa nini nifundishe kebo katika zama za flashi na intaneti. Kwa upande wa intaneti jibu ni fupi: folda kubwa hula kifurushi, na alama za watu hazina sababu ya kuzunguka dunia ili zivuke meza moja. Kwa upande wa flashi, sababu yangu kubwa ni ya ufundishaji. Flashi huficha tendo lenyewe. Mwanafunzi huona faili likiingia katika kitu kidogo, kisha huliona likitoka. Katikati hapana cha kuonekana wala cha kuulizwa. Kebo ina ncha mbili, na kila ncha ina kompyuta yenye wajibu wake. Mmoja anatoa, mwingine anapokea, na lazima wakubaliane. Hapo ndipo fundisho lilipo.

Aidha, historia yetu inachangia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na mlango haukufunguliwa tena sawasawa hadi miaka ya 1990. Katika kipindi hicho hicho walimu wa nchi nyingine walikuwa wakijifunza kuunganisha mashine kwa nyaya, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine iliyo rahisi. Wengi wetu tulitoka kwenye jalada la karatasi tukaingia moja kwa moja kwenye flashi. Darasa lile la katikati lilitupita, na wakufunzi hatuwezi kulifundisha kwa kumbukumbu za ujana wetu. Hatuna budi kulitengeneza.

Somo la kwanza halihitaji kompyuta hata moja. Huwatuma wanachuo wakakate vikonyo vinne vya majani ya mpapai, vilivyonyooka na vyenye uwazi ndani. Wanachuo wawili huketi wakipeana migongo. Kikonyo kimoja huanzia mdomoni mwa Asha hadi sikioni mwa Juma. Cha pili huanzia mdomoni mwa Juma hadi sikioni mwa Asha. Viungo hukazwa kwa utepe wa gundi. Wananong'onezana, na kila mmoja anasikia. Kisha mwalimu, bila ya kueleza lolote, avigeuze vikonyo hivyo: kimoja kiunganishe mdomo na mdomo, kingine sikio na sikio. Wote wawili watasema, na wote wawili watakaa wakisubiri. Darasa hucheka sana. Baada ya kicheko, waulize kosa ni nini, na usiwape jibu mapema.

Jibu lao ndilo siri ya kebo zote za aina hii. Katika tundu la zamani la pini 9 lililokuwa nyuma ya kompyuta nyingi, pini ya 2 ni sikio, pini ya 3 ni mdomo, na pini ya 5 ni msingi wa pamoja. Kebo ya kuunganisha kompyuta mbili kwa matundu hayo ilikuwa lazima ivuke: 2 iende kwa 3, na 3 iende kwa 2. Katika kebo ya mtandao tunayotumia sasa, yenye nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne, mambo ni yale yale. Kwa mwendo wa biti milioni 100 kwa sekunde, kompyuta husema kwa nyaya za 1 na 2 na husikia kwa nyaya za 3 na 6. Kebo ya kuvuka hupeleka 1 kwa 3 na 2 kwa 6. Kompyuta mpya nyingi hutambua zenyewe kwamba midomo imekutana, zikabadilishana bila ya kuambiwa, hivyo kebo yoyote ya mtandao hufaa. Kompyuta kuukuu hazina akili hiyo daima. Ikiwa angalau upande mmoja ni mpya, mara nyingi hutapata taabu. Ikiwa pande zote mbili ni kuukuu, tafuta kebo ya kuvuka.

Hapa mwalimu atoe onyo moja kwa sauti kubwa. Wapo wanaoona kwamba kila kompyuta ina matundu bapa ya USB, wakatafuta kebo yenye ncha bapa pande zote mbili ili waziunganishe. Wasifanye hivyo. Kila upande utatoa umeme wake wa volti 5, kana kwamba mabomba mawili ya maji yamefungwa ncha kwa ncha yakisukumana, na tundu laweza kuungua. Zipo kebo maalumu za USB kwa kazi hiyo, zenye kisanduku kidogo katikati. Ile ya kawaida si mojawapo.

Somo la pili ni la vipande vya karatasi, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwanachuo mmoja ana orodha ya alama 20. Anaziandika katika vipande vinne vya karatasi, alama tano kila kimoja. Juu ya kila kipande anaandika namba yake ya mfuatano, na chini anaandika jumla ya zile alama tano. Kipande kinapitishwa dirishani kwa mwenzake aliye nje. Mpokeaji anajumlisha, jumla ikilingana anajibu "Nimepata," ndipo kipande kinachofuata kitolewe, isipolingana anajibu "Rudia." Mwalimu humteua kwa siri "mchwa" mmoja wa kusimama dirishani na kuharibu tarakimu moja moja.

Wanachuo wa Mpanda huelewa upesi kwa sababu ya reli. Njia yetu kutoka Kaliua ni moja, na katika njia moja treni haiachiwi kuingia sehemu ambayo kituo cha mbele hakijakubali kuipokea. Hivyo ndivyo ilivyofanya programu iliyoitwa Kermit, iliyotungwa mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wanafunzi wa chuo hicho walitumia kompyuta kubwa ya pamoja isiyo na nafasi ya kutunza kazi zao, ikabidi ipatikane njia ya kuyashusha mafaili yao hadi kwenye kompyuta ndogo na disketi. Programu iliyakata mafaili vipande vipande, kila kipande kikiwa na namba na jumla ya ukaguzi, na kila kipande kikijibiwa. Ilipewa jina la chura wa katika vikaragosi vya televisheni.

Mwaka jana mwanachuo mmoja, msichana mkimya aliyekuwa "mchwa" siku hiyo, alibadilisha tarakimu mbili kwa pamoja: 63 akaifanya 64, na 57 akaifanya 56. Jumla ikabaki ile ile. Mpokeaji akasema, "Nimepata." Darasa likanyamaza. Sikuwa nimeliandaa swali hilo, nami nakiri kwamba ndilo lililonifundisha kutofunga mjadala mapema. Tulikaa dakika 20 tukitafuta hesabu iliyo bora kuliko kujumlisha. Mmoja akapendekeza kuzidisha kila alama kwa nafasi yake katika mstari kabla ya kujumlisha. Tukaijaribu, ikamkamata mchwa yule. Baada ya hapo sikuwa na kazi ya kueleza kwa nini kompyuta za leo hutumia hesabu ndefu kama ile iitwayo SHA-256, ambayo hubadilika kabisa hata ikibadilishwa herufi moja tu katika faili.

Sasa twende kwenye mashine zenyewe. Weka kompyuta mbili juu ya meza moja, uziunganishe kwa kebo fupi. Kebo ya mtandao yaweza kufika mita 100, lakini usiwaruhusu wanachuo kuivusha nje kutoka jengo hadi jengo; radi za masika yetu si za kuchezewa. Kompyuta nyembamba za siku hizi mara nyingi hazina tundu la mtandao, hivyo utahitaji kipachiko cha kuingiza katika tundu la USB.

Kila kompyuta ipewe anwani. Ile kuukuu iwe 192.168.10.1 na ile mpya iwe 192.168.10.2, na zote ziwe na kinyago cha 255.255.255.0. Mimi huwaambia wanachuo kwamba tarakimu tatu za mwanzo ni mtaa, na ya mwisho ni nyumba: mtaa mmoja, nyumba ya 1 na nyumba ya 2. Wakikuta anwani inayoanza na 169.254, wasistuke, maana yake ni kwamba kompyuta imekosa wa kuipa anwani ikajipa yenyewe. Kisha wapige hodi kwa amri ya ping. Jibu likija, nyumba ipo na mwenyewe yumo. Lisipokuja, wasikimbilie kulaumu kebo. Watazame kwanza taa ndogo kando ya tundu: ikiwaka, kebo ni nzima, na huenda ulinzi wa Windows ndio unaokataa wageni mpaka ruhusa ya kushirikisha mafaili itolewe.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha somo zima, na mwalimu asiipite haraka. Waulize wanachuo: je, kompyuta kuukuu isukume mafaili, au mpya iyavute? Mara nyingi hujibu kwamba ni sawa. Si sawa. Folda ya alama ishirikishwe kutoka kompyuta kuukuu kwa ruhusa ya kusoma tu, kwa jina la mtumiaji na nywila vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kompyuta mpya iingie kwa kuandika \\192.168.10.1 na kuvuta nakala. Mkono ukiteleza ukakata badala ya kunakili, kompyuta kuukuu itakataa kufuta. Kwa ruhusa hiyo moja, kosa nililolifanya mimi haliwezi kufanyika. Mwache kila mwanachuo ajaribu kwa makusudi kufuta faili kutoka upande wa mpya, aone akikataliwa. Kukataliwa huko anakukumbuka kuliko maelezo yangu yote.

Kwa folda kubwa hatutumii kuburuta kwa kipanya. Umeme ukikatika katikati, kompyuta kuukuu isiyo na betri huzimika, na mwanachuo hajui yapi yamekwisha kupita. Tunatumia amri ya robocopy, iliyomo ndani ya Windows yenyewe tangu Vista:

robocopy \\192.168.10.1\Alama D:\Alama /E

Umeme ukirudi, amri hiyo hiyo ikiandikwa tena huruka mafaili yaliyokwisha kufika salama na kuendelea na yaliyobaki. Wakatazwe kabisa kuongeza /MOVE, inayofuta kule mafaili yalikotoka, na /MIR, inayofuta kule yanakokwenda chochote kisichokuwa na mwenzake kule yalikotoka.

Wakati mafaili yanapita, kuna hesabu nzuri za kuwapa darasa. Kwa tundu la pini 9, kila baiti ilichukua biti 10, yaani 8 za maandishi, moja ya kuanza na moja ya kukoma. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, disketi moja ya baiti 1,474,560 ilihitaji sekunde 1,536, yaani dakika 25 na sekunde 36. Kwa mwendo wa 115,200 ilihitaji sekunde 128. Waambie sasa wapeleke kwa mwendo huo wa pili folda ya baiti bilioni 20, yenye picha na video za mazoezi ya kufundisha. Watapata siku 20 na kidogo. Kwa kebo ya mtandao ya biti milioni 100 hesabu hutoa dakika 26 na sekunde 40, na kwa saa ya ukutani sisi hupata kama nusu saa. Waulize tofauti hiyo imekwenda wapi. Ndiyo vile vipande vya "Nimepata" na namba za mfuatano, navyo vinapanda gari lile lile.

Baada ya kunakili huja ukaguzi. Wanachuo wafungue maelezo ya folda katika kila kompyuta na kulinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake kwa baiti. Hapa wengi huogopa bure, kwa sababu skrini huonyesha namba mbili: "Size" na "Size on disk". Ya kwanza lazima ilingane hadi baiti ya mwisho. Ya pili yaweza kutofautiana, maana kila diski hugawa nafasi yake kwa visanduku vya kipimo chake, kama vile debe la mahindi linavyochukua nafasi tofauti katika magunia na katika vikapu. Vivyo hivyo tarehe ya kuundwa kwa faili katika kompyuta mpya yaweza kuwa ya siku ya kunakili, lakini tarehe ya kurekebishwa hubaki ya zamani. Kwa mafaili ya alama hatuishii hapo. Tunaandika certutil -hashfile, jina la faili, na neno SHA256, pande zote mbili. Mwanachuo mmoja anasoma mstari unaotokea kwa sauti, mwingine anafuatisha kwa kidole. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana tunaifanya kwa yale tu ambayo yakipotea mtu atasafiri kutoka Karema.

Lipo tatizo moja ambalo wakufunzi watakutana nalo wakiwa na mashine za zamani zaidi. Kompyuta ya Windows XP hujua lugha ya kwanza tu ya kushirikishana mafaili, na tangu mwaka 2017 Windows mpya huja bila ya lugha hiyo, nayo ndiyo iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi wa Mei mwaka huo kuenea duniani. Utaona ping inajibiwa lakini mlango haufunguki. Zipo njia za kuirudisha lugha hiyo, mimi sizifundishi. Tunaweka kompyuta ya Windows 7 katikati, inayozifahamu lugha zote mbili, na mafaili yanavuka kwa hatua mbili. Mashine hizi zote, kwa kuwa watengenezaji wameacha kuzilinda, zisiunganishwe na intaneti wakati wa kazi.

Aidha mwanachuo ajue kwamba kebo husafirisha tu, haitafsiri. Mwaka 2024 treni za reli mpya zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435, na yetu ya zamani ina milimita 1,000. Mzigo waweza kupakuliwa huku na kupakiwa kule, lakini behewa lenyewe halivuki. Faili la programu ya zamani litafika salama baiti kwa baiti na bado likakosa wa kulifungua. Kwa hiyo kabla ya kuiaga kompyuta kuukuu, kila aina ya faili ifunguliwe angalau moja katika ile mpya, na lisilofunguka lihifadhiwe upya, likiwa bado kwao, katika umbo linalosomeka.

Katika kupima somo hili, mtihani wa maandishi haunitoshi. Huwapa wanachuo wawili wawili kompyuta mbili, kebo moja, na folda ambayo nimeharibu ndani yake alama moja tu upande wa kompyuta mpya baada ya wao kunakili, wakiwa wametoka nje kunywa maji. Wanaorudi na kutangaza kwamba kazi imekwisha hupata nusu ya alama. Wanaorudi wakakagua kabla ya kusema lolote ndio hupata zote. Mara ya kwanza walikuwa jozi mbili kati ya tisa. Mara ya mwisho walikuwa saba.

Kompyuta kuukuu ya ofisi ya taaluma hatukuifuta siku ile wala mwezi ule. Tulikubaliana na Mkuu wa Chuo kwamba ikae mihula miwili, ikiwa imebandikwa karatasi yenye tarehe ya kunakili na majina ya waliokagua. Fomu za mazoezi ya kufundisha nazo sasa huchapwa, husainiwa na kuwekwa katika sanduku la bati.